Dirishani kwa Binti Yangu

Kwetu mama haingii katika nyumba ya binti yake mpaka ng'ombe wa mahari wafike. Sheria hiyo niliikuta, sikuitunga mimi. Anaweza kusimama nje ya lango. Anaweza kukutana na binti yake sokoni Suneka, wakakaa pembeni ya mama muuza nyanya wakaongea mpaka jua ligeuke. Lakini kizingiti cha mkwe wake hakikanyagi, chakula cha huko hali, na kitanda cha huko hakioni. Tunaita chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mama mkwe na mkwe. Wajukuu wangu wa Nairobi wakisikia wanacheka. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu yao, maana lugha ya nyumbani imewashinda. Na waache kucheka, wasome.

Binti yangu wa kwanza alikwenda kwa mwanamume wa Sironga, huko Nyamira, kabla hata majibu ya mtihani wake hayajatoka. Hakuolewa, alikwenda tu. Mwanamume hakuwa mbaya. Hakunywa, hakumpiga. Ila ng'ombe wetu kila mwaka walikuwa na sababu ya kutokuja. Mara ndama amekufa, mara mvua ya mawe imeharibu chai, mara mtoto ameingia shule ya bweni. Mume wangu alingoja mpaka tukamzika. Ndugu yake mdogo, shemeji yangu, akachukua kiti chake, akaendelea kungoja kwa hasira. Miaka ishirini na kitu ikapita. Watoto wa binti yangu walizaliwa hospitali, naye akawaleta kwangu wamefungwa ndani ya leso nikawaosha hapa kwangu. Nyumba yake sikuijua ina vyumba vingapi.

Kisha koo lake likaanza kumkataa. Kwanza ugali ulikwama, halafu wali, halafu akawa anakunywa uji wa wimbi akiwa amesimama, ameshika ukuta. Tulidhani ni vidonda vya tumbo. Aliponiletea habari kutoka hospitali alisema tu, "Mama, ni saratani, na imekaa pabaya." Baadaye wakamrudisha nyumbani, wakasema apewe dawa ya maumivu na akae na watu wake.

Watu wake. Mimi ni nani basi?

Siku niliyosikia ameshindwa kutoka kitandani, nilifunga kitambaa nikaenda Sironga. Mjukuu wangu mkubwa, msichana wa huyo binti, alinipokea langoni. Baba yake alikuwa nyuma ya migomba akipasua kuni. Aliponiona alitupa macho chini na mimi nikageuza uso, kama inavyotakiwa. Tulikuwa karibu kiasi cha kurushiana punje ya mahindi.

"Mwambie nyanya yako karibu," akasema.

"Mwambie baba yako nimesikia."

"Mwambie mgonjwa yuko ndani, amelala upande wa dirisha."

"Mwambie sikuja kuangalia kuku wake."

Yule msichana akatazama huku, akatazama kule. "Nyanya, si mnasikiana? Mnanichosha bure."

"Nyamaza. Peleka maneno."

Hapo nikasikia kikohozi kutoka ndani ya nyumba. Kilikuwa kikavu, kama cha mtu anayekwanguliwa sufuria kifuani. Sikujua miguu yangu ilifanya nini. Nilijikuta mlangoni, mguu mmoja juu ya kizingiti, mkono kwenye fremu.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mama, mguu wako uko wapi?"

"Uko hapa mlangoni."

"Utoe."

Nikamwambia, "Wee mtoto, wewe uko katika hali hiyo na mimi nichague pa kukanyaga?"

Alichukua muda kupata pumzi. "Ukiingia sasa umekubali nikae bure. Watasema, mama mwenyewe ameingia, amekula, ng'ombe za nini tena? Halafu nikifa ndio watakimbia kutafuta. Mama, sitaki kuolewa nikiwa maiti."

Nilielewa alichokuwa akisema. Kwetu mwanamke akifa bila ng'ombe kutolewa, watu wake wanakataa asizikwe. Jeneza linawekwa uani, wanaume wanakaa pande mbili wanagombana, na ng'ombe anapatikana kwa haraka, anavutwa kwa kamba mbele ya maiti. Huyo tunamwita ng'ombe wa kilio. Jirani yangu mmoja aliolewa hivyo. Nilikuwepo. Mvua ilinyesha juu ya jeneza, na mtu mmoja akauliza kwa sauti kama huyo ng'ombe anakamuliwa. Binti yangu naye alikuwepo siku ile, akiwa msichana mdogo, ameshika sketi yangu.

Nikautoa mguu.

Nikazunguka nyumba mpaka dirishani kwake. Lilikuwa dirisha la mbao la kufungua nje, nalo lilikuwa limefunguliwa, ila pazia liliwekwa ili nisione kitanda. Msichana akaniletea kiti cha jikoni. Nikakaa nikiwa nimeegemeza mgongo kwenye ukuta wa udongo, na yeye upande wa pili wa ukuta. Hivyo ndivyo nilivyomuuguza mwanangu.

Nilikuwa nikienda asubuhi na kurudi jioni, na siku nyingine nililala kwa mjane mmoja wa kanisa letu aliyekaa ng'ambo ya mto. Chai yangu niliibeba mwenyewe kwenye chupa, na ndizi za kuchoma kwenye karatasi, kwa sababu cha huko sili. Nilimwambia yanayopita barabarani. Nani amebeba magunia ya chai, nani ameshona sare mpya ya kwaya, ng'ombe wa nani amekula mahindi ya nani. Alipenda habari za ugomvi.

"Mama, bado uko?"

"Niko. Niende wapi?"

"Nani anafoka hivyo?"

"Ni mtu na mke wake. Wameuziana kuku wabaya."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza, nami nikajuta kumchekesha. Wakati wa dawa nilimsikia msichana akimwinua, nikasikia kijiko kikigonga meno, nikasikia dawa ikirudi. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nilizaliwa na mikono hiyo imsaidie nani? Nimelea watoto wa watu, nimeosha maiti za watu, na wangu anasafishwa upande wa pili wa udongo huku mimi nasikiliza.

Kwetu mvua hushuka karibu kila alasiri. Siku ya kwanza ilinilowesha mpaka mifupani. Siku ya pili yake nilipofika nilikuta mkwe wangu anapigilia bati moja juu ya dirisha, limetokeza nje kama mkono, ili mimi nikae chini yake. Alipokuwa akimalizia misumari nilimpa mgongo nikatazama chai ya jirani. Ilikuwa mara ya kwanza kumfikiria kama mtu. Lakini bati si ng'ombe.

Nikamwambia msichana wake, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa migomba, "Mwambie baba yako mke wake anataka kuolewa. Asiposikia hilo, hata bati alitoe."

Kesho yake mkwe wangu alianza kupita boma kwa boma katika ukoo wao. Hakuwa na ng'ombe wa kutosha, na si siri, walikuwa wanajua. Ndugu yake alitoa mtamba. Jirani wa chini akatoa fahali kijana aliyekuwa akimlisha kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Mama mmoja mzee akatoa mbuzi wake wa pekee na kusema, "Huyo mgonjwa ndiye aliyenipeleka hospitali kwa mgongo wake." Wakakusanya. Kisha wakatuma wazee wawili kwangu Suneka kusema kwamba wako tayari, na kumwomba shemeji yangu aende aone ng'ombe kabla hawajaletwa, kama desturi inavyotaka.

Akaenda, akarudi amenuna. Wale wazee wawili walikuwa wamerudi naye. Wakakaa sebuleni kwangu, na sisi wanawake tulikuwa jikoni, mlango umefunguliwa kidogo.

"Yule mtamba ana pembe moja," shemeji akasema. "Na fahali ni mbavu tupu. Mtoto wa ndugu yangu si wa pembe moja. Wangoje mpaka Desemba, nyasi zitakuwepo, walete ng'ombe wa kutazamwa."

Mzee mmoja akamwambia taratibu, "Mwenzetu, mgonjwa hana Desemba."

"Miaka yote hiyo mume wake alikuwa nazo Desemba."

Sikuweza kukaa. Mwanamke haingilii mazungumzo ya ng'ombe, nalijua hilo. Lakini jikoni ni kwangu, na nikasema nikiwa jikoni kwangu.

"Shemeji, huyo mtamba ana pembe moja. Wewe una meno mangapi?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akaangusha mwiko.

"Mama," shemeji akasema, "haya ni ya wanaume."

"Ya wanaume ni kamba. Chakula ni cha nani? Ng'ombe anapokelewa kwa chakula cha mama wa binti. Kama si Jumapili hii, mimi Desemba sitawasha moto. Muulize kila mwanamke wa mlima huu kama atawasha."

Jirani yangu, mwanamke mnene asiyeogopa mtu, akaitikia, "Hata mimi kuni zangu zimelowa. Zitakauka mwaka gani, sijui."

"Na mimi mawe yangu ya kusagia yameibwa," mwingine akasema.

Nilisikia fimbo ya shemeji ikigonga sakafu, kisha akasema na wale wazee kwa sauti ndogo. Ikawa Jumapili.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ng'ombe wakija, mama lazima awe kwake kuwapokea. Hapo ndipo nilipoona mtego. Nilikuwa nimepigania hiyo siku ili nipate kuingia kwa binti yangu, na siku yenyewe ilinitaka nitoke dirishani nikae Suneka nisage wimbi. Alhamisi nilienda kumuaga. Sauti yake ilikuwa imebaki nyuzi.

"Zinakuja?" akauliza.

"Jumapili."

"Zote?"

"Zote. Mmoja ana pembe moja."

"Basi ni mimi huyo." Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Nenda ukapike, mama. Na utie chumvi. Wewe huwa unasahau chumvi."

Niliweka kiganja changu kwenye ukuta, juu ya udongo, mahali nilipodhani kichwa chake kipo. Halafu nikaondoka.

Ijumaa wanawake walikuja. Kila mmoja alibeba kitu, mikungu ya ndizi, wimbi, kuni, saga, ile mboga chungu ya kienyeji, maziwa ya kuchemshia hiyo saga ili uchungu upungue. Siku hiyo hakuna aliyechuma chai, na chai isipochumwa inakomaa ikawa hasara, walijua hivyo na wakaja. Jioni jua lilipotua Sabato iliingia, tukafunika kila kitu, maana siku hiyo hatuwashi moto wa kazi wala hatutembezi mnyama. Niliketi kanisani Jumamosi nikasikia mahubiri yote bila kushika neno. Mjukuu alipiga simu akasema mama yake hajameza maji tangu jana.

Jumapili, kabla ya saa sita, walikuja. Ng'ombe walikuwa juu ya pikapu, wanaume wakitembea nyuma yake wamevaa makoti, mkwe wangu katikati yao ameinamisha kichwa. Kwetu wanawake wa upande wa binti huziba lango na kuwatukana wageni, ni sehemu ya harusi, bila hiyo haijawa harusi. Niliogopa siku hiyo watashindwa. Hawakushindwa.

"Mmetoka wapi, nyinyi? Mmepotea njia miaka yote hiyo?"

"Tulikuwa tunatafuta lango!"

"Lango liko hapa tangu mzaliwe. Huyo ni ng'ombe ama ni mbwa mrefu?"

"Mguse uone kama ni mbwa!"

"Pembe nyingine mmekula njiani?"

Waliimba, wakacheka, wengine machozi yakiwatoka huku wanatukana. Kila mtu pale alijua bibi arusi yuko wapi. Mwisho lango likafunguliwa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiwezi kurukwa. Binti lazima aulizwe mbele ya watu wote kama ng'ombe hao wapokelewe na chakula kiliwe. Akikataa, wageni wanarudi nao. Kwa kawaida anasimama katikati ya uwanja amefunikwa leso. Mtu mmoja alisema aulizwe binti yangu mdogo badala yake. Nikasema hapana, mtu haolewi kwa mdomo wa mwingine. Basi wakapiga simu Sironga, wakaiweka sauti ya juu, na shemeji akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Upande wa pili mjukuu wangu alisema amemwekea mama simu mdomoni.

Shemeji akasimama wima. Sauti yake haikuwa ile ya kugombana.

"Mwanangu," akasema, "watu wa Sironga wako hapa. Wameleta ng'ombe. Wanasema ni wako. Tule?"

Tulisikia pumzi. Kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nilidhani hataweza.

"Kuleni," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakavuta kamba. Mimi sikupiga. Nilirudi jikoni nikatia chumvi.

Sasa sikilizeni desturi inavyosema, kwa sababu kila kitu kiko hapa. Akishaitikia, chakula kinaliwa. Wageni wakishakula na kunawa mikono, mkubwa wa upande wetu anafungua kamba ya ng'ombe wa mama, anamfunga kwenye mti wa nyumbani kwetu, na hapo ndoa imekamilika. Msiba ukitangazwa kabla ya kamba kufungwa, ng'ombe wanageuka kuwa wa kilio, na yule ni maiti aliyeolewa.

Ugali wa wimbi ulikuwa umegawanywa, saga imegawanywa, kuku wako kwenye sinia. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni nikitazama kama kila meza imepata. Mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye benchi upande wa wageni, sahani mapajani. Nikamwona akiweka mkono mfukoni. Akatoa simu, akaitazama bila kuiweka sikioni. Ulikuwa ujumbe.

Akainua uso akanitazama.

Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kutazamana machoni. Hairuhusiwi. Alinitazama mimi nikamtazama, na sikuhitaji mtu wa kupeleka maneno.

Nilikuwa na sekunde ya kupiga yowe. Niliona kinywa chake kinafunguka, nikatikisa kichwa, mara moja tu. Akafunga kinywa. Akarudisha simu mfukoni, akamega tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia mdomoni. Alitafuna. Sijaona mtu akifanya kazi ngumu kuliko ile.

Nami nikachukua sinia nikaenda meza ya wazee. "Mbona mnakula kama wageni?" nikawaambia. "Malizeni." Mzee mmoja alitaka kusimulia hadithi ya babu yake na ng'ombe. Nikamwambia hadithi zipo, chakula kinapoa. Shemeji akaomba kuongezewa kuku, nikamwongezea. Jirani yangu mnene alinitazama usoni, akashika birika la maji akaanza kunawisha watu hata wale waliokuwa bado wanatafuna.

"Una haraka gani, mama?" mmoja akamuuliza.

"Mvua inakuja," akasema. Jua lilikuwa linawaka.

Walinawa. Shemeji akasimama, akajinyoosha, akaenda kwa ng'ombe. Alichagua yule wa pembe moja awe wangu. Fundo lilikuwa limekazwa, akahangaika nalo, akaita kijana alete kisu, kisha akakataa kisu, akasema kamba ya harusi haikatwi. Mimi nimesimama. Mkwe wangu amesimama. Mwishowe likafunguka, akamvuta yule mnyama mpaka kwenye mti ulio mbele ya nyumba yangu, akamfunga, akampiga kofi mgongoni na kusema, "Sasa ni mke wa watu."

Hapo nikafungua kitambaa kichwani nikakifunga kiunoni, na wanawake walipoona hivyo hawakuuliza. Yowe la kwanza lilikuwa langu. Mkwe wangu alilala chini kwenye nyasi na koti lake.

Walitupeleka Sironga kwa ile pikapu iliyoleta ng'ombe, samadi yao ikiwa bado imo. Lango lilikuwa wazi, mlango ulikuwa wazi, na watu wakanipisha. Nilikanyaga kizingiti nikaingia. Nyumba ina vyumba vitatu. Kitanda chake ni cha mbao, kimesukumwa mpaka ukutani, na kwenye udongo karibu na mto wake wa kulalia kulikuwa na alama laini mahali alipokuwa akiegemeza mkono. Nikaomba maji ya moto na beseni, nikawatoa watu wote.

Alizikwa mbele ya nyumba yake, upande wanaozikwa wake wa boma, na hakuna aliyegombana juu ya jeneza. Shemeji yangu alimsifu kaburini kwamba aliolewa akiwa hai, akaitikia mwenyewe kwa mdomo wake, kila mtu akasikia. Sasa shemeji naye ametangulia, hakuna tena wa kuifungua ile kamba, ndiyo maana ninaandika. Mkwe wangu na mimi hatujasema neno juu ya ule ujumbe. Akija kunisalimu anasimama kwenye migomba yangu, naongea na kuku, yeye anaongea na ng'ombe, na tunasikilizana vizuri kabisa.